Kinga Yenye Mkono Mwekundu

Dealu Corbului,
Jumapili, 29 Septemba 2002

Dada Leontina,

Salamu zangu zikukute mzima, na huyo bibi mzee unayemhudumia Padova awe ameacha kukutupia vijiko. Sisi huku miili ni mizima, tunakuhofia wewe na mgongo wako. Mzigo uliompa dereva wa basi umefika, kahawa haikumwagika hata punje. Sweta limemkaa Ilinca kana kwamba ulimpima. Kanisani waliuliza limetoka wapi, nami nikajibu kwa sauti ya kufika madhabahuni: limetoka Italia, kwa mama yake mkubwa, na anastahili, kwa kuwa darasani hakuna anayemfikia. Ana miaka kumi tu! Saveta naye, na saba yake, anahesabu mpaka elfu na kurudi nyuma. Mimi niliishia darasa la nane, lakini akili hizo nusu ni zangu, usicheke.

Uliniomba nikueleze mwenyewe kilichompata Grigore, kwa kuwa hukupata ruhusa ya kuja kumzika. Miezi sita nimeshindwa. Leo naweza, hasira imenikausha macho.

Tarehe kumi na moja Machi, msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao cha Nechita ulimkata mkono juu ya kiwiko. Hospitali hakufika. Msumeno haukuwa na kinga ya kufunika meno, Dada. Unaikumbuka ile kinga ya chuma cha njano? Grigore aliichora mkono mwekundu kwa rangi iliyobaki ya mlango wetu, mwaka ule kijana mmoja alipopoteza kidole, ili kila anayesogea aogope. Nechita aliing'oa ili magogo manene yapite upesi. Najua, maana wiki nzima Grigore alinung'unika mezani: "Mkono wangu mwekundu ameutoa, Todosia, wala hasemi ameuweka wapi."

Sasa sikia mwenye kiwanda alivyowaambia polisi. Eti Grigore ndiye aliyeing'oa, akaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akanywea pombe ya plamu! Grigore, ambaye siku ya harusi yetu alimwaga glasi yake ndani ya buti akidhani sikumwona! Na wenzake wa kazi wote kumi na mmoja wakakodolea macho viatu vyao. Vartolomei naye alikodolea vyake, na vilikuwa vya Grigore, maana nilimpa mimi siku ya arobaini. Na huyo Nechita si mtu wa mbali, ni baba wa ubatizo wa Ilinca! Mikono iliyomshika mwanangu juu ya maji matakatifu ndiyo iliyotia sahihi uongo ule.

Shuleni watoto wanawaimbia wanangu: "Baba yenu kainywa kinga! Baba yenu kainywa kinga!"

Basi nimeamua. Kuanzia keshokutwa nafunga Jumanne tisa, mfungo mkavu, bila tonge wala tone, juu ya kichwa cha Nechita, kama bibi yetu alivyomfungia yule mwizi wa ng'ombe. Ya tisa ikiisha, Mungu atajua pa kumpiga. Mimi nimependekeza mkono.

Wasichana usiwahofie. Wanacheza bandani kutwa, wala hawalii.

Mdogo wako,
Todosia


Padova,
16 Oktoba 2002

Mdogo wangu Todosia,

Pokea salamu za dada yako, aliyesoma barua yako amejifungia bafuni huku bomba likimwagika, bibi asinisikie. Mgongo unauma, lakini unanibeba. Wewe je, tumbo lako vipi kwa hizo Jumanne?

Namchukia Nechita kuliko unavyodhani. Nikiwasugua wazee wa watu miguu, namfikiria yeye, nasugua mpaka bibi anapiga kelele. Lakini nikukumbushe ya bibi yetu: alimfungia yule mwizi Jumanne tisa, mwizi akaoa mke wa pili akanenepa, bibi yetu ndiye aliyebaki na kidonda cha tumbo. Kama unataka kumpiga mtu, mpige yeye, usijipige mwenyewe ukimtazama.

Jambo jingine. Umejaza karatasi nne kwa Nechita, watoto umewapa mstari mmoja wa mwisho. Mtoto anayeshinda bandani miezi sita bila kulia anacheza nini humo? Niandikie hilo.

Nimeweka sabuni na chokoleti. Chokoleti ni yao, nakujua.

Dada yako,
Leontina


Dealu Corbului,
10 Novemba 2002

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, kwa maana mgongo haupumziki kwa kusimama. Sisi ni wazima. Nimemaliza Jumanne sita, na Nechita juzi kateleza kwenye ngazi za posta mbele ya watu! Hakuvunjika, lakini Mungu ameanza kulenga.

Umeuliza wanacheza nini. Dada, shika kiti. Wanangu wameunda nchi! Si nyumba ya wanasesere kama za watoto wa wengine. Nchi nzima, ina ramani, sheria, mahakama na jela. Inaitwa Nchi ya Vumbi. Kila kitu huko ni vumbi la mbao, theluji yake, unga wake, hata mawingu. Na baba yao yuko huko, ni seremala mkuu. Niambie, nani mwingine kijiji hiki ana watoto wa kuwaza hivyo? Wa mwenyekiti wa kijiji wanajua kutema mate tu.

Ilianza siku ya arobaini. Nilipompa Vartolomei koti na viatu na ndoo na mkate wa kusuka wenye mshumaa, kwa roho ya Grigore, naye akasema "Mungu apokee" kama inavyotakiwa, Saveta akanivuta sketi: "Mama, sasa baba amevivaa?" Nikasema ndiyo, kinachotolewa hapa kwa jina lake kinamfikia kule. Akasema, "Basi kule ni mahali." Nikadhani yameishia hapo. Kumbe walikwenda bandani siku hiyohiyo kuanza kujenga.

Huingii bila kunyunyiziwa vumbi kichwani. Mimi siruhusiwi. Ilinca ameniambia mlangoni, mikono kiunoni kama mimi mwenyewe: "Mama, wewe huna kibali, unalialia." Nililia lini? Lakini sheria wamenisomea kupitia ufa. Moja, humo hakuna kusema "marehemu". Mbili, hakuna nyimbo za shuleni. Tatu, baba ana kazi, asiitwe bila sababu. Nne, Nechita yuko jela. Wamemtengeneza kwa gunia na kofia kuukuu. Tano, kila siku anaulizwa aseme kweli. Sita, asiposema, anarudishwa. Ya saba wamekataa kunisomea, eti ni siri ya serikali.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Damu yangu hiyo! Mimi namfungia kwa Mungu, wao wamekwisha kumtia ndani. Wamekonda kidogo, lakini ni kurefuka huko.

Chokoleti niligusa kipande kimoja tu.

Mdogo wako,
Todosia


Padova,
22 Novemba 2002

Todosia,

Uko salama? Hao watoto wako salama? Leo sina salamu ndefu, dereva anaondoka baada ya saa moja.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unaniiga hata nilivyokohoa. Sasa niambie, hao wanaokuiga wewe kushika kiuno wanakula nini siku ya Jumanne? Umewaona kwa macho yako wakitafuna, au unawaachia mkate mezani unakwenda zako kukamua ng'ombe?

Waulize sheria ya saba leo hii. Usingoje ya tisa.

Leontina


Padova,
27 Desemba 2002

Mdogo wangu,

Heri ya Noeli, kama heri ipo. Basi limekuja mara nne, na mara zote dereva ananiambia hana bahasha yangu. Juzi nilimwuliza kama amekuona, akasema alikuona kwa mbali, umebeba mtoto. Mtoto wa miaka saba anabebwa kwa nini, Todosia?

Nimewafumia soksi. Kama umenikasirikia kwa maneno yangu, nikasirikie, lakini kwa maandishi.

Dada yako anayengoja,
Leontina


Dealu Corbului,
12 Januari 2003

Dada Leontina,

Nisamehe. Sisi ni wazima, na safari hii nasema kweli, nimewatazama wakila kabla ya kushika kalamu. Wamekula ugali wa mamaliga na jibini, Saveta sahani mbili. Soksi zimewatosha.

Barua yako ya Novemba ilifika siku tano baada ya jambo lenyewe. Nilikuwa nimechelewa, na wewe ulikuwa Padova ukijua. Niliona aibu, ndiyo maana nilinyamaza. Wewe unajua mimi siwezi kuandika barua isiyo na kitu cha kujivunia.

Jumanne ya nane Saveta alianguka shuleni. Paji la uso likagonga pembe ya jiko. Nyuzi tatu. Mwalimu alinisubiri mlangoni: "Mama, mtoto wako hajala tangu jana, na anasema Jumanne haruhusiwi." Nikasema uongo huo, mezani niliacha mkate na mafuta ya nguruwe! Nilipofika nyumbani nikamtazama mbwa. Dada, mbwa wangu amenenepa kama mke wa Nechita.

Nikamlaza Saveta, nikaenda bandani. Ilinca akasimama mlangoni na kopo la vumbi. Nikasema sogea. Akasema, "Kwanza kichwa." Nikainama. Akaninyunyizia. Lilikuwa na harufu ya Grigore akirudi kazini, ile ya shingoni. Sikulia. Nilijiuma ulimi, nisije nikanyimwa kibali.

"Nani kawaambia mfunge?" nikauliza.

"Sheria ya saba. Jumanne nchi nzima haili mpaka Nechita aseme kweli. Wewe ndiye uliyeanza."

"Mimi ni mtu mzima!"

"Na sisi ni raia."

Nikatafuta pa kukaa, na ndipo nikaona lango la mji wao. Limesimamishwa kati ya magogo mawili. Chuma cha njano, na katikati mkono mwekundu, rangi ya mlango wangu.

Juu yake bendera. Unajua bendera yenyewe ni nini? Kile kitambaa cha kitani nilichokidarizi kwa ajili ya Nechita, nikamkabidhi siku ya ubatizo wa Ilinca, kama kila mzazi anavyompa baba wa ubatizo. Jogoo wawili, na tarehe, na jina lake kwa uzi mwekundu. Kilikuwa kinaning'inia ofisini kwake juu ya ikoni, picha ya mtakatifu wake. Mshono wangu naujua hata gizani, na wanawake wote wa kijiji wanaujua, maana nimewaonyesha wote.

"Mmevitoa wapi hivi?"

"Kwenye kilima cha vumbi, nyuma ya kiwanda, ndani ya uzio wake. La juu lina tope, tukachimba kutafuta safi. Chuma kilikuwa kimefungwa ndani ya bendera."

Alikifukia! Alikwapua kitambaa cha kwanza alichokiona, na kwa haraka yake akakwapua chenye jina lake. Waliouziwa chuma chakavu wako wapi sasa? Pombe iko wapi?

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kiangazi."

"Kiangazi! Na mimi nashinda na njaa! Kwa nini hamkuniambia?"

Akanitazama kama vile mjinga ni mimi. "Mama, baba alipoteza mkono. Tukauona. Tukamtunzia."

Hapo nililia, Dada. Ilinca akaniruhusu, akasema ni mara moja tu.

Jumanne ya tisa sikufunga. Nilikaanga mayai sita, tukala watatu tukitazamana. Mungu namwachia mengine yake. Nechita nitamshughulikia mwenyewe. Nilitaka niende polisi siku ileile, lakini polisi wetu anakunywa kahawa kwa Nechita kila asubuhi. Chuma kingerudi vumbini kabla jua halijazama. Niambie nifanye nini. Nimekificha chini ya godoro langu. Nakilalia, kinaniumiza mbavu, napenda.

Mdogo wako,
Todosia


Padova,
2 Februari 2003

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa raia wako wawili, na kwa mbwa mnene. Nibusie Saveta paji la uso, pale penye alama.

Nimefikiri siku kumi. Wiki ya mwaka wa Grigore inaanguka mwanzo wa Mfungo Mkuu, na wiki hiyo padri hafanyi kumbukumbu. Kwa hiyo mwombe aifanye Jumapili inayotangulia, tarehe tisa Machi. Siku hiyo kijiji kizima kinakuja kuombana msamaha, hakuna anayethubutu kubaki nyumbani, Nechita wa kwanza. Utagawa sadaka ya mwaka. Na nani kijijini aliwahi kukataa sadaka ya marehemu inayotolewa mbele ya watu?

Nadhani umenielewa.

Kifue kitambaa. Kipige pasi, wanga mwingi, jogoo waonekane. Usimwambie mtu, hata padri. Ila waambie wasichana, kwa sababu kitu si chako, ni cha nchi yao. Wakikataa, usiwanyang'anye.

Nakutumia mshumaa wa hapa, mnene, hauzimwi na upepo.

Dada yako, anayetamani kuwepo,
Leontina


Dealu Corbului,
Alhamisi, 13 Machi 2003

Dada Leontina,

Kaa chini, mpe bibi yako chai yake, funga mlango. Sisi ni wazima kuliko tulivyokuwa mwaka mzima.

Wasichana kwanza. Niliwauliza kama ulivyosema. Walikaa mahakamani kutwa nzima, nikawapitishia supu yao mlangoni. Kisha Ilinca akatoka: "Viatu vilimfikia baba kwa sababu vilitolewa mbele ya watu, na mshumaa. Mkono tuliuweka bandani tu. Tumekosea, tumemcheleweshea." Nikauliza, basi apewe nani? Saveta akasema bila kufikiri: "Nechita. Si ndiye aliyeuchukua?" Hukumu hiyo, Dada. Hakimu ana miaka saba.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya ibada tukatoka uani, nimepanga meza kama hujawahi kuona kijijini hapa, mikate ya kusuka ishirini na minne, koliva, ngano ya sadaka, imepambwa kwa njugu msalaba mzima, padri mwenyewe alisema ngano yangu imechemka vizuri. Na watu wakaanza kuombana msamaha, huyu kwa huyu.

Nechita akaja kwangu. Koti jipya, kofia mkononi. Akasema kwa sauti wote wasikie, "Kumbukumbu njema, Todosia. Kama nilikukosea kwa neno, unisamehe."

Watu wakangoja nimjibu "Mungu akusamehe." Unajua ndivyo inavyojibiwa.

Nikasema, "Subiri, baba wa ubatizo, mimi sijafika huko. Bado nagawa."

Nikainama chini ya meza. Nikamwekea mikononi furushi la kitani, juu yake mkate wa kusuka, juu ya mkate mshumaa wako unawaka. "Hii ni ya roho ya Grigore. Imfikie kule aliko."

Na yeye, kwa mazoea ya miaka hamsini, mdomo ukatangulia akili: "Mungu apokee."

Kisha uzito ukamshtua. Mikono ikashuka, mkate ukateleza, Ilinca akaudaka, mshumaa Saveta. Kitambaa kikafunguka. Wanawake waliona jogoo kabla ya kingine chochote, nikasikia mmoja anasema, "Si zawadi ya ubatizo hiyo? Jina lake hilo!" Halafu wanaume wakaona mkono mwekundu.

Dada, watu mia mbili wakasogea hatua moja kwa pamoja.

"Umeitoa wapi?" Nechita akaninong'oneza.

Mimi sikunong'ona. "Kwenye kilima chako cha vumbi, ndani ya uzio wako, ndani ya kitambaa changu. Sasa waeleze watu hawa Grigore aliiuzia nani. Na plamu zenyewe zilikuwa za shamba gani!"

"Mwanamke kachanganyikiwa," akawaambia watu. "Mnanijua mimi."

Hapo Vartolomei akasogea. Amevaa viatu vya Grigore, alikuwa akiviangalia tena kama kawaida yake. Kisha akasema, "Tunakujua. Uliniambia nishike spana, nikashika. Wewe ulifungua bolti, mimi nikashika. Na ulisema anayetaka kazi atasahau." Kisha akamgeukia Saveta, si mimi, Saveta: "Baba yako hakuwa amekunywa, mwanangu. Alikuwa amekunywa maziwa."

Wa pili akasema, wa tatu akasema, wote kumi na mmoja, wakipokezana kama wanaopakua gogo zito. Nechita alitaka kuiweka kinga mezani. Mke wake mwenyewe akamwambia, "Sadaka hairudishwi, Nechita. Ishike." Akaishika. Alisimama nayo mpaka polisi wa mjini tuliowaita wakafika, watu wamemzunguka, na hakuna aliyemgusa wala kumpa kiti. Nilimtazama muda wote. Nilikunywa macho yake kama maji baada ya Jumanne. Kama hilo ni dhambi, nitaungama baada ya Pasaka, sina haraka.

Jumanne walirudi wakamchukua. Jumanne hiyo, mwaka mmoja kamili tangu msumeno ule, nilikula maharage sahani mbili.

Hakuniomba tena msamaha, na mimi sikumpa. Padri amenisema. Nimemjibu kwamba jina la mume wangu ndilo lililorudi, moyo wangu bado uko njiani.

Wasichana leo wametoka shuleni wakikimbia. Hakuna aliyeimba. Mwalimu amemweka Ilinca asome mbele ya darasa, lakini hilo ungelitarajia.

Nilihofia lile lango kuondoka, nikaenda bandani kuwatazama. Nikainamisha kichwa mwenyewe, nikanyunyiziwa. Kati ya magogo mawili pana uwazi tu. Jela iko tupu, gunia limerudishiwa viazi. Nikamwambia Saveta pole, polisi wameichukua ile kinga kama ushahidi, sijui kama tutaipata tena. Akanishangaa. "Wamechukua chuma tu, mama. Yenyewe ilifika Jumapili."

Nikataka kumwuliza baba yake amesemaje. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Usimwite kwanza," akasema. "Anafunga bolti. Kwa mikono yote miwili."

Mdogo wako,
Todosia